Maswali na majibu: Roma ilipataje mtawala mmoja bila kuifuta jamhuri?

Katika safu iliyopita niligusia jinsi jemadari wa Roma, Julius Caesar, alivyovuka mto Rubicon na jeshi lake Januari mwaka 49 KK, kitendo kilichowasha vita vya wenyewe kwa wenyewe, nikaishia hapo. Maswali yamemiminika, mengine ya upole na mengine ya ukali. Yanayofanana nimeyaunganisha, majina ya waulizaji nimeyaacha.

Tulisoma "Juliasi Kaizari" ya Mwalimu Nyerere shuleni, na tukaambiwa Kaizari ndiye aliyekuwa mfalme mkuu wa kwanza wa Roma. Ni kweli? (Msomaji, Dodoma)

Si kweli, ingawa hauko peke yako. Hata Suetonius, mwandishi wa kale aliyeandika maisha ya watawala wa Roma, alianza orodha yake na Julius Caesar.

Caesar alikuwa dikteta. Kwa Warumi hicho kilikuwa cheo halali cha dharura: mtu mmoja alikabidhiwa madaraka makubwa kwa muda usiozidi miezi 6, amalize vita au balaa lililopo, kisha arudi nyumbani kwake. Caesar alipewa cheo hicho mara kadhaa, na mwanzoni mwa mwaka 44 KK akakubali kukishika maisha. Februari hiyo hiyo, siku ya sikukuu ya Lupercalia, mshirika wake Marcus Antonius alimtolea taji mbele ya umati. Caesar akalikataa, watu wakashangilia. Wapo wanaosema Antonius alijituma mwenyewe. Mimi naona Caesar alikuwa anapima upepo, na upepo ulimjibu vibaya.

Tukiwa hapo hapo: katika tamthilia ya Shakespeare, ambayo Mwalimu aliitafsiri, Caesar anauawa kwenye Capitol, kilima cha mahekalu mjini Roma. Haikuwa hivyo. Tarehe 15 Machi mwaka 44 KK Seneti ilikutana kwenye ukumbi uliojengwa na Pompeius, yule yule aliyekuwa mkwe wa Caesar na baadaye adui yake. Caesar alianguka karibu na sanamu ya Pompeius. Waliopanga njama, wakiongozwa na Brutus na Cassius, walikuwa zaidi ya 60, na katika purukushani ile wengine walijeruhiana wao kwa wao. Mwili ulikutwa na majeraha 23. Tabibu aliyeitwa Antistius aliukagua akasema ni moja tu lililoua, la pili, la kifuani.

Wa kwanza kutawala peke yake mpaka kufa kwake kitandani, na kumwachia mtu wake nafasi ile, alikuwa mjukuu wa dada yake Caesar, Octavian, ambaye baadaye aliitwa Augustus. Tutamfikia.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, HGL. Jamhuri ya Roma ilikuwa demokrasia kama tunayoijua leo? (Mwanafunzi, Iringa)

Marahaba, mwanangu. Ilikuwa na kura, lakini kura hazikuwa na uzito sawa, na hapo ndipo mtihani wako unapoweza kukukamata.

Kwa mapokeo yao, Warumi walimfukuza mfalme wao wa mwisho, Tarquinius, mwaka 509 KK. Mahali pake waliweka makonsuli wawili, waliochaguliwa kwa mwaka mmoja tu, na kila mmoja aliweza kumzuia mwenzake. Chini yao kulikuwa na maofisa wengine wa mwaka mmoja mmoja. Seneti ilikuwa baraza la watu waliokwisha kushika vyeo. Kisheria ilitoa ushauri tu, kiutendaji ndiyo iliyoshika hazina na mambo ya nje. Na watu wa kawaida walikuwa na watetezi wao 10, matribuni, ambao mwili wao ulikuwa mtakatifu: kumgusa tribuni kwa ubaya lilikuwa kosa la kifo. Tribuni mmoja aliweza kusimamisha jambo lolote kwa kusema tu "nakataza".

Sasa kura. Makonsuli walichaguliwa uwanja wa Martius, nje ya mji, na wapiga kura waligawanywa makundi 193 kulingana na mali zao. Kila kundi lilihesabiwa kama kura moja. Matajiri walikuwa wachache lakini walikuwa na makundi mengi, nao walianza. Maskini wasio na mali yoyote, hata wawe maelfu kwa maelfu, waliwekwa wote kwenye kundi moja, la mwisho. Wingi ukishapatikana kura inafungwa, kwa hiyo mara nyingi siku iliisha hata hawajaitwa. Ongeza kwamba ilibidi ufike Roma mwenyewe, kwa miguu yako, na kwamba wanawake na watumwa hawakuhesabiwa kabisa.

Ukiulizwa "jadili", andika kwamba ilikuwa jamhuri ya watu wa juu, yenye milango michache ya watu wa chini. Milango ile haikuwa mapambo, maana damu ya kwanza ilimwagika juu ya mmoja wao.

Wazee wetu hapa kijiweni wanasema jamhuri ile iliuawa na tamaa ya mtu mmoja, Caesar. Wewe unasemaje? (Msomaji, Nairobi)

Nasema Caesar aliikuta iko hoi. Ukitaka kuelewa ugonjwa wenyewe, usitazame mabunge wala hotuba. Muulize askari aliyemaliza vita: nani atakulipa?

Roma ya mwanzo ilipigana na jeshi la wakulima. Mtu alilima, vita vikizuka alichukua ngao yake mwenyewe, akirudi analima tena. Kadiri Roma ilivyokwenda kupigana mbali, Hispania, Ugiriki, Afrika ya Kaskazini, mkulima alikaa jeshini miaka mingi na shamba likaenda pori au kwa mwenye nacho. Matajiri nao walijitwalia ardhi ya umma na kuilimisha kwa watumwa walioletwa na vita hivyo hivyo.

Mwaka 133 KK tribuni mmoja, Tiberius Gracchus, alileta sheria ya kuweka ukomo: mtu asishike zaidi ya jugera 500 za ardhi ya umma, yaani kama ekari 300 hivi, na posho kidogo kwa ajili ya watoto. Ziada wagawiwe maskini. Tribuni mwenzake akaizuia kwa niaba ya wakubwa. Tiberius akawaomba watu wamvue cheo tribuni huyo, nao wakamvua. Jambo hilo halikuwahi kufanyika. Kisha akataka achaguliwe tena, nalo pia halikuwa la kawaida. Siku ya kura, maseneta na watu wao, wakiongozwa na kuhani mkuu Scipio Nasica, walishuka na virungu na miguu ya mabenchi waliyoyavunja, wakamuua yeye na wafuasi wake wapatao 300. Maiti zilitupwa mtoni Tiber usiku.

Miaka 12 baadaye mdogo wake, Gaius, aliyetaka ardhi na nafaka ya bei nafuu kwa watu wa mjini, alikwenda njia ile ile. Konsuli aliahidi kumlipa atakayeleta kichwa chake uzito wake kwa dhahabu. Plutarch, mwandishi wa kale, anasimulia kwamba aliyekileta alikuwa ameshatoa ubongo na kumimina risasi iliyoyeyushwa ndani yake, ili mizani iseme vizuri. Biashara ni biashara.

Baada ya hapo kila mtu alijua kwamba hoja inaweza kujibiwa kwa kuua. Kilichobaki kilikuwa ni kuliingiza jeshi katika siasa, na hilo halikuchukua muda. Mwaka 107 KK konsuli Marius aliandikisha askari wasio na mali kabisa. Sharti la mali lilikuwa limeshashushwa kidogo kidogo kabla yake, kwa hiyo si kwamba alibuni kila kitu siku moja. Lakini sasa jeshi lilikuwa na watu wengi ambao hawakuwa na shamba la kurudia. Seneti haikuweka utaratibu wowote wa kuwapa kiinua mgongo. Kama kulikuwa na ardhi ya kupewa, ilitoka kwa jemadari wao, kwa ubishi wake mwenyewe. Basi askari akajua bwana wake ni nani.

Mwaka 88 KK yakatimia. Konsuli Sulla alikuwa amepewa vita vya mashariki dhidi ya mfalme Mithridates, vita vyenye ngawira nono. Tribuni mmoja akapitisha kura ya kumnyang'anya na kumpa Marius. Sulla akawaendea askari wake, akawaeleza, nao wakahofia kwamba Marius atachukua wengine na wao watabaki mikono mitupu. Maofisa waliotumwa kuchukua jeshi walipigwa mawe wakafa. Sulla alipoamua kuuendea mji wa Roma wenyewe, maofisa wake wa juu walimkimbia, akabaki mmoja tu. Askari wa kawaida hawakukimbia. Hiyo ndiyo siku ninayoitia alama mimi, miaka 39 kabla ya Rubicon.

Sulla alirudi tena kwa nguvu mwaka 82 KK, akawa dikteta bila kikomo, akabandika majina ya maadui zake hadharani: anayemuua aliyeandikwa analipwa, na mali ya marehemu inapigwa mnada. Kisha, kinyume na ulivyotazamia, alijiuzulu mwenyewe, akafa mwaka 78 KK. Alidhani ameitengeneza jamhuri. Vijana waliomtazama walijifunza kitu kingine.

Kisa cha mwisho kwa wazee wa kijiweni. Mwaka 62 KK Pompeius alirudi kutoka mashariki mshindi, akavunja jeshi lake kama sheria ilivyotaka, akaiomba Seneti iwape ardhi askari wake. Seneta Cato na wenzake wakamzungusha. Miaka ikapita. Ndipo Pompeius alipoungana na Crassus, tajiri mkubwa kuliko wote, na Caesar, mwanasiasa mwenye madeni. Caesar akawa konsuli mwaka 59 KK, akaipitisha sheria ya ardhi kwa mabavu. Konsuli mwenzake, Bibulus, alimwagiwa kinyesi kichwani, akajifungia nyumbani akisema anatazama ishara za mbinguni, na watu wa Roma wakatania kwamba mwaka ule makonsuli walikuwa Julius na Caesar. Pompeius alikuwa ametii sheria na akaambulia patupu. Miaka 10 baadaye, Caesar naye alipotakiwa aache jeshi lake arudi kama raia wa kawaida, huku maadui wakimsubiri na kesi mahakamani, ungemshauri nini?

Kama walimuua dikteta, kwa nini jamhuri haikurudi? Brutus alikuwa na nia njema. (Msomaji, Mombasa)

Nia alikuwa nayo, bibie. Mpango wa siku ya pili ndio hakuwa nao. Waliomuua waliamini jamhuri iko chini ya Caesar imebanwa tu, ukimwondoa inainuka.

Wosia wa Caesar ulipofunguliwa, kila raia wa Roma alikuwa ameachiwa sesta 300, na bustani zake ng'ambo ya Tiber zikawa za umma. Sesta 300 zilikuwa kama theluthi moja ya mshahara wa mwaka wa askari. Wauaji wakaona hali ya hewa, wakauhama mji.

Katika wosia ule ule, Caesar alimfanya Octavian kuwa mwanawe wa kupanga. Kijana alikuwa na miaka 18, hana cheo, afya yake mgogoro. Lakini alikuwa na jina la Caesar, na askari wa zamani wa Caesar walilipenda jina hilo, hasa likifuatana na fedha. Agosti mwaka 43 KK, kabla hajatimiza miaka 20, alituma ujumbe wa maaskari kwenye Seneti kudai apewe ukonsuli. Maseneta wakasita. Kiongozi wa ujumbe, akida mmoja aliyeitwa Cornelius, akafunua joho lake, akaonyesha mpini wa upanga, akasema: huu utamfanya konsuli, kama ninyi hamtaki. Na kweli, jeshi likaja, akawa konsuli.

Mwaka huo huo Octavian, Antonius na Lepidus, mshirika mwingine wa Caesar, wakajipa kwa sheria madaraka ya watu watatu ya "kuijenga upya dola", na orodha za Sulla zikarudi ukutani. Kwa hesabu ya Appian, mwanahistoria wa kale, waliandikwa maseneta kama 300 na matajiri wa daraja la pili wapatao 2,000. Cicero, msemaji mkubwa wa jamhuri, aliuawa tarehe 7 Desemba. Kichwa na mikono yake vilitundikwa kwenye jukwaa la hotuba alilokuwa akilisimamia. Brutus na Cassius walishindwa Philippi mwaka 42 KK, wakajiua. Miji 18 ya Italia ikanyang'anywa mashamba ili askari walipwe. Unaona tunarudi pale pale.

Augustus alijitangaza kaisari mwaka gani? Kila kitabu kina tarehe yake. (Msomaji, Mwanza)

Vitabu vinapingana kwa sababu hakujitangaza. Hakuna siku ambayo mtu alisimama akasema jamhuri imekwisha. Kuna hatua tatu nne, na kila moja ilikuwa na sura ya sheria.

Tarehe 2 Septemba mwaka 31 KK Octavian alimshinda Antonius na Cleopatra, malkia wa Misri, baharini, Actium, Ugiriki. Mwaka uliofuata Misri ikawa yake pamoja na hazina yake. Sasa hakuwa na mshindani mwenye jeshi. Januari mwaka 27 KK alisimama mbele ya Seneti akasema anarudisha madaraka yote. Maseneta, wengine wameelewa na wengine wameelekezwa, wakamsihi asiwaache. Akakubali "kusaidia" kwa miaka 10: atasimamia Hispania, Gallia na Siria, mikoa yenye misukosuko. Iliyotulia ikabaki ya Seneti. Ukiangalia ramani unaona mgawanyo wa haki. Ukihesabu askari unaona majeshi karibu yote yako kwake. Siku chache baadaye akapewa jina la Augustus.

Mwaka 23 KK akauachia ukonsuli, aliokuwa akiushika kila mwaka. Badala yake akapewa mamlaka ya tribuni, bila kuwa tribuni. Asingeweza kuwa tribuni hata hivyo, maana Caesar alipomfanya mwanawe alimwingiza katika ukoo wa kipatrisi, yaani wa watu wa juu wa asili, na cheo hicho kilikuwa cha watu wa chini. Akapata mwili usioguswa na neno la "nakataza". Pia akapewa amri iliyo juu ya magavana wote. Mtu mmoja akawa amevaa kofia za watu 10, kila kofia ikiwa halali. Ule mlango wa wanyonge ambao Tiberius Gracchus alifia ukawa wa Kaisari.

Jina la mfalme hakulitaka hata kidogo, wala la dikteta. Mwaka 22 KK kulikuwa na njaa, na umati ulitishia kuwachoma maseneta ndani ya jengo lao wasipompa udikteta. Augustus alipiga goti, akalishusha joho mabegani, akawaonyesha kifua wazi akiwasihi wasimpe. Alikuwa ameona kilichompata mwenye cheo hicho. Mtu huyo huyo, alipokuwa akiwapunguza maseneta, inasemekana alikaa kikaoni na deraya chini ya nguo na upanga kiunoni.

Uzeeni aliandika maelezo ya kazi zake, yakachongwa mpaka kwenye kuta za hekalu Ankara, Uturuki ya leo, ambako yanasomeka bado. Anasema kwamba aliwazidi wote kwa heshima, lakini hakuwa na mamlaka kuwazidi wenzake waliokuwa naye katika kila cheo. Ukichukua cheo kimoja kimoja, hakudanganya.

Ila mimi nikitakiwa nichague mwaka mmoja, sichagui 27 wala 23 KK. Nachagua mwaka 6 BK, ambao vitabu vingi vya shule huuruka. Mwaka huo Augustus alifungua hazina ya jeshi, akaitia sesta milioni 170 za kwake, kisha akaiwekea kodi ya kudumu: asilimia 5 ya urithi na asilimia 1 ya mauzo ya mnadani. Maseneta walinung'unika sana juu ya kodi ya urithi. Askari akawa anajua atatumikia miaka 20 na ataondoka na sesta 12,000. Kabla ya hapo alikuwa ametumia, kwa maelezo yake mwenyewe, kama sesta milioni 860 kununua ardhi ya askari, Italia na mikoani. Swali lililoitesa jamhuri kwa zaidi ya miaka 100 lilipata jibu, na jibu lilikuwa na saini ya mtu mmoja. Seneti ingeweza kulijibu wakati wa Marius kwa gharama ndogo kuliko ile.

Mtume Paulo alikata rufaa kwa Kaisari. Ni Kaisari yupi, na kwa nini aliruhusiwa? (Katekista, Bukoba)

Ni Nero, aliyetawala mwaka 54 hadi 68 BK. Yule wa sensa katika Luka 2 ni Augustus mwenyewe, na mwenye sura kwenye dinari ya kodi aliyoonyeshwa Yesu anadhaniwa kuwa Tiberius, aliyemfuata.

Swali lako la pili ni tamu kuliko unavyodhani. Wakati wa jamhuri, raia wa Roma aliyehukumiwa na ofisa alikuwa na haki ya kupaza sauti na kukata rufaa kwa watu wa Roma. Haki hiyo haikufutwa. Ilibadilishiwa anwani tu. Paulo, raia kwa kuzaliwa, anasimama mbele ya gavana Festo kule Kaisaria, anadai haki ile ile ya kale, lakini anayetajwa si watu wa Roma tena. Festo anashauriana na baraza lake na hana la kufanya: umetaka kwenda kwa Kaisari, utakwenda.

Kura za watu nazo zilikwenda hivyo hivyo. Mwaka 14 BK, Augustus alipokwisha kufa, uchaguzi wa maofisa ulihamishwa kutoka uwanja wa Martius kwenda Seneti. Tacitus, mwanahistoria wa Roma, anasema watu waliishia kunong'ona. Walikuwa na nafaka ya bure, kwa watu wapatao 200,000, na amani. Na huko mikoani, ambako gavana wa zama za jamhuri alikuja mwaka mmoja, akanyonya, akaondoka, wengi hawakuona cha kulilia.

Warumi wa Surat ar-Rum ndio hao hao? (Msomaji, Unguja)

Ndio wale wale kwa nasaba ya dola. Mji mkuu ulihamia Konstantinopoli mwaka 330 BK, lugha ikawa Kigiriki, dini ikawa Ukristo, lakini wenyewe waliendelea kujiita Warumi. Kushindwa kunakotajwa katika sura hiyo ni mbele ya Waajemi, walioichukua Yerusalemu mwaka 614. Mtawala alikuwa Heraclius, ambaye baadaye aliwageuzia kibao. Dola hiyo ilidumu mpaka Waturuki walipoingia Konstantinopoli mwaka 1453.

Haya mambo ya Roma yanatuhusu nini sisi watu wa pwani? (Msomaji, Mafia)

Kidogo, lakini si bure. Baada ya Misri kuwa ya Augustus, biashara ya bahari ya Shamu na bahari ya Hindi ilipanda ghafla. Strabo, mwanajiografia wa kale aliyekuwa Misri miaka ya mwanzo, anasema merikebu 120 zilikuwa zikiondoka bandari ya Myos Hormos kwenda India. Karne ya kwanza BK mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki alituachia mwongozo wa safari, Periplus ya Bahari ya Erithrea, na ndani yake mna pwani yetu, anayoiita Azania. Soko la mwisho analolitaja ni Rhapta, ambako palikuwa na pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa, na vyombo vya baharini vilivyoshonwa kwa kamba kama mitepe. Wafanyabiashara wa Kiarabu kutoka Muza, Yemen, walioana na wenyeji na kuijua lugha yao. Wao ndio walioleta mikuki, mashoka, visu na bilauri. Rhapta yenyewe haijathibitishwa ilikuwa wapi. Wengi wanaitafuta kwenye delta ya Rufiji, yaani mbele ya macho yenu.

Mzigo wa mashariki ulipofika Misri ulitozwa robo ya thamani yake. Na Misri haikuwa chini ya gavana wa Seneti. Seneta hakuruhusiwa hata kukanyaga huko bila ruhusa ya Augustus. Gavana wake alikuwa mtu wa daraja la pili, aliyewajibika kwa Augustus peke yake.

Hakuna aliyejaribu kuirudisha jamhuri baadaye? (Wasomaji watatu: Arusha, Kampala na Muscat)

Walijaribu, kwa siku mbili hivi. Tarehe 24 Januari mwaka 41 BK, Caligula, Kaisari aliyemfuata Tiberius, aliuawa na ofisa wa walinzi wake mwenyewe, Cassius Chaerea. Makonsuli wakaiita Seneti, na safari hii walikutana Capitol, kwa sababu jengo lao la kawaida lilikuwa na jina la Julius. Wakazungumza juu ya uhuru. Chaerea alipoomba neno la siri la usiku, makonsuli wakampa neno "Uhuru". Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi neno hilo kutolewa na makonsuli badala ya Kaisari.

Wakati wao wanahutubiana, askari mmoja wa walinzi aliyekuwa akizungukazunguka ikulu aliona miguu chini ya pazia. Akavuta, akamkuta Claudius, ami yake Caligula, mtu wa miaka 49 aliyekuwa akichechemea na kugugumia, anatetemeka akidhani anauawa. Askari akamsalimu kama mtawala. Wakambeba mpaka kambini.

Mkono mtupu haulambwi, na Claudius, ambaye ndugu zake walimdhania mjinga, alilijua hilo: akaahidi kila mlinzi sesta 15,000. Asubuhi yake askari waliokuwa upande wa Seneti wakaanza kuhama mmoja mmoja kwenda kambini, na maseneta wenyewe walikuwa wameshaanza kubishana nani kati yao anafaa kuwa Kaisari. Chaerea aliuawa kwa amri ya Claudius. Zilipotolewa sarafu mpya, nyingine zilikuwa na picha ya kambi ya walinzi, na nyingine zilimwonyesha Kaisari akipeana mkono na askari.